Sauti Iliyobaki Kazini

Nyumbani, Mwisho wa Reli
4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo kama ungeandika. Lakini huandiki. Tangu mwaka uanze sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Barua hii anaandika shangazi yako, kwa sababu macho yangu sasa yamebaki ya kupambanua mwanga na giza tu. Anaandika huku amenuna, anasema namwendesha mbio.

Sikulaumu sana, kwa kuwa nakusikia. Kila jioni navaa kofia yangu ya kazi, nashika fimbo, naenda stesheni kukaa kwenye benchi la chini ya spika. Treni ikikaribia unaanza: abiria mnaosubiri, treni inayoingia safari yake inaishia... hapo unavuta pumzi. Ndipo unasema, Mwisho wa Reli. Wenzangu benchini wanadhani mtangazaji anapumzika. Mimi najua ni salamu yangu. Nilipokuwa mshika bendera wa stesheni hii, nikisharuhusu treni niliishusha ile bendera ya kijani nikaitikisa mara moja karibu na goti, upande wa dirisha letu, bosi asione. Nawe ulikuwa unanipungia mkono kule dirishani. Ulipopata kazi ya kutangaza huko makao makuu ulisema sasa ni zamu yako kunitikisia bendera. Hujasahau hata siku moja, na najivunia kimoyomoyo.

Ila nina swali. Siku hizi unatangaza hadi Jumapili. Asubuhi ni wewe, jioni ni wewe. Huna mwenzako wa kupokezana? Waambie hao mabosi kwamba binti wa mtu si cherehani. Shangazi yako anasema hata cherehani yeye huipumzisha.

Baba yako,
Mzee wa Bendera

Nyongeza yangu mimi Shangazi: hiyo kofia nimeishona ukingo mpaka sasa ni uzi mtupu, na hataki nyingine. Andika mwanangu, hata mistari miwili, maana anayeulizwa kila siku ni mimi.


Mjini
12 Machi

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa ukimya. Kazi imenibana. Mwenzangu yuko likizo, ndiyo maana nashika zamu zote, hadi za Jumapili. Akirudi nitapumzika.

Wiki hii nina mafua mabaya. Sauti imekauka kabisa, hata kuagiza mkate dukani nanong'ona. Lakini usiwe na wasiwasi, nasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama ulivyonifundisha.

Nafurahi kwamba salamu inakufikia. Ukienda stesheni vaa koti, jioni kuna upepo pale benchini.

Binti yako,
Chiriku


Mjini
12 Machi

Shangazi, shikamoo.

Bahasha hii nimeituma dukani kwako ili usiifungue mbele ya Baba. Ile ya nyumbani msomee kama ilivyo. Hii ni yako peke yako.

Nimepunguzwa kazi, Shangazi. Ni tangu Desemba. Nimetafuta namna ya kulisema hili lisisikike vibaya, nimekosa, basi nimelisema hivyo hivyo.

Utaniuliza, mbona tunakusikia? Mwaka jana waliniletea fundi mitambo na maikrofoni mpya, wakaniambia nisome kila kitu ninachosema kazini. Majina ya vituo, saa, namba za majukwaa, imechelewa, imefutwa, tunaomba radhi. Walisema ni akiba, ya siku nikiumwa. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilipaka hadi rangi ya mdomo, kwa ajili ya maikrofoni. Nilipofika kwenye jina la kwetu nikavuta pumzi, mazoea tu, na yule fundi akaniuliza kama aikate. Nikacheka, nikamwambia iache, hiyo ina mwenyewe.

Haukupita muda wakaniita ofisini, wakanipa chai. Bosi akasema si mimi niliyepunguzwa, ni nafasi yangu ndiyo iliyofutwa. Kana kwamba miaka yote ile nafasi ilikuwa imekaa peke yake ndani ya kile chumba cha vioo, na mimi nilikuwa napita tu. Mlinzi akanisindikiza na boksi langu. Tulipokuwa tunavuka ukumbi nikajisikia kwenye spika juu ya vichwa vya watu, nawatakia abiria safari njema. Mlinzi wa watu akatazama chini mpaka tukafika mlangoni.

Tangu siku hiyo sina pa kukimbilia. Chumba changu kiko jirani na stesheni, nilikipanga ili nisichelewe kazini, na dirisha likiwa wazi najisikia. Naosha vyombo, huku natangaza. Nalia, huku natangaza, tena kwa furaha, kwa sababu siku ile ya kurekodi nilikuwa na furaha. Treni ikifutwa na watu wamekwama na watoto mgongoni, mimi nawaomba radhi kwa sauti ya bibi harusi.

Nimetafuta kazi nyingine. Kampuni moja ya bima ilitaka mtu wa kupokea simu. Nilipojitambulisha tu, dada aliyekuwa ananihoji akaweka kalamu chini. Akasema, wewe si yule wa treni? Wateja wetu watadhani wamekosea namba. Alisema kwa upole, tukacheka wote wawili, nikaondoka. Sasa nikienda dukani nanong'ona ili watu wasigeuke. Nimezoea kunong'ona mpaka nikiwa peke yangu nikitaka kusema kitu, natafuta sauti siipati. Kwa hiyo yale mafua niliyomwandikia Baba si uongo mtupu. Naogopa, Shangazi. Naona kama waliichukua kweli, nikaachiwa koo.

Kuna jambo moja walilisahau. Hawakunisainisha. Sasa wameniletea karatasi niwape ruhusa ya kuitumia sauti hiyo moja kwa moja, na nisipotia sahihi, mwisho wa Mei wataitoa waweke ya mtu mwingine. Moyo wangu unataka iondoke hata leo. Lakini ikiondoka, Baba atamsikia nani? Na nikimwambia ukweli, itabidi nimwambie kwamba ile salamu ya kila jioni anapewa na mashine. Sijui nifanye nini. Usimwambie.

Wako,
Chiriku


Dukani
20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na suruali ya mtu mkononi, nikajikuta nimeshona mfuko wa nyuma mbele. Mwenyewe akija nitamwambia ndiyo mtindo.

Pole. Pole sana, mama. Lakini nimekasirika pia, acha nikuambie. Tangu Desemba unameza jambo kama hilo peke yako, kwani sisi ni nani kwako, majirani? Ungesema ningefunga duka nikaja, hata kama ni kukaa tu na wewe na kufunga hilo dirisha.

Halafu hayo mafua. Mtu mzima na akili zako, ulikosa ugonjwa mwingine? Ungesema mguu. Nilimsomea barua yako, akaisikiliza mpaka mwisho. Jioni akaenda stesheni. Aliporudi akaniuliza, "Huyu mtoto anasema sauti imekauka. Mbona leo ilikuwa safi kama glasi iliyooshwa?" Nikamwambia dawa za siku hizi zina nguvu. Akasema, "Mhm." Unaijua hiyo mhm yake.

Juzi nilimfuata bila yeye kujua, maana nami baada ya kusoma barua yako nilitaka kwenda kusikiliza. Spika ilipovuta pumzi, alivua kofia. Spika ilipotaja kwetu, akasema, "Nami nipo, mama." Anaiambia spika, mwanangu. Kisha akashusha mkono akautikisa karibu na goti, na mkono wenyewe hauna bendera wala nini. Nimekaa na kaka yangu tangu mama yako atutoke, nimemwona akiwa mgonjwa, nimemwona akilia, lakini sijawahi kuingiwa na baridi namna ile. Watu walikuwa wamejaa pale wanasubiri treni, na mimi nilitaka kukimbia. Nilirudi kwa njia ya nyuma nikamtangulia nyumbani, nikajifanya napiga pasi.

Sitamwambia. Usidhani ni kwa sababu naona unafanya vizuri. Ni kwa sababu si langu kulisema. Njoo uliseme mwenyewe. Na hiyo karatasi yao iache mezani iote vumbi kwanza.

Shangazi yako


Stesheni
2 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni mama mkata tiketi wa hapa stesheni. Nimemwomba yeye kwa sababu nyumbani siku hizi nikiuliza kitu, naambiwa chakula kinapoa.

Nina ombi dogo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, treni ya jioni, ukishavuta ile pumzi yetu, kohoa. Mara moja tu, kabla hujataja jina. Mwenye mafua hakosi kikohozi, bosi hatakuuliza.

Nikuambie kwa nini. Nimeanza kuogopa. Pumzi yako ni ile ile kila siku. Siku ya mvua ni ile ile. Siku jirani yetu alipofiwa na mama yake, na wewe ulikuwa unampenda yule bibi, ilikuwa ile ile. Mtu hapumui namna moja siku zote. Mama yako alipokuwa anaumwa nililala nikisikiliza pumzi yake, na kila siku ilikuwa na habari yake. Yako haina habari. Nakaa benchini nakuitikia, kisha nikitembea kurudi nyumbani najiuliza, nimemwitikia nani?

Jana nilifikiri pengine umekufa, mwanangu, na wote wananificha kwa sababu mimi ni mzee. Nisamehe kwa kulitamka. Barua yako nilisomewa na mtu, sikuiona kwa macho yangu, inaweza kuwa ya yeyote. Lakini ukikohoa, nitajua upo.

Baba yako

Mimi mkata tiketi naongeza: ameniamuru niandike kila neno, na hilo la kufa nimeliandika kwa shida. Dada, sikujui, nakujua kwa kukusikia tu. Kama upo, tafadhali kohoa.


Nyumbani
29 Aprili

Mwanangu,

Kumbe kaka yangu ana makarani wawili. Leo ndipo mkata tiketi aliponiambia kuhusu ile barua ya siri na hicho kikohozi. Nimemnunia kidogo, lakini nitamsamehe, ana gauni lake kwangu.

Jumamosi Baba yako alichelewa kurudi. Alikaa pale mpaka treni ikageuka ikaondoka, na watu wote wakatawanyika. Nilikuwa nimeshika viatu niende kumtafuta alipoingia. Nikamwuliza vipi. Akasema, "Nimemsikia. Yupo." Basi. Akavua kofia akaiweka juu ya kabati, akala kidogo, akaenda kulala.

Tangu siku hiyo hajaenda tena stesheni. Saa ya treni ya jioni ikifika anakaa dirishani, lile lako, ameweka mikono magotini. Nadhani ametulia. Nataka kuamini ametulia.

Sasa nieleze wewe. Ulisema kazi huna, nafasi imefutwa, inayosema ni mashine. Mashine ilikohoaje?

Shangazi yako


Mjini
6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mashine haikukohoa. Ni mimi.

Kwanza nilienda makao makuu kuomba waniruhusu niseme mara moja tu, moja kwa moja, siku ya Jumamosi. Kile chumba cha vioo wamejaza viti vibovu. Pale palipokuwa na maikrofoni yangu kuna tundu kwenye meza na waya umechungulia. Bosi alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema mitambo haiwezi tena kupokea mtu. Kisha akaniuliza nimefikia wapi na ile karatasi.

Basi nikapanda treni. Nilikuwa nimeamua kumwambia Baba kila kitu. Njia nzima nilifanya mazoezi kwa kunong'ona, hadi aliyekaa pembeni yangu akahama kiti. Nilifika mchana, na nilipoiona stesheni ujasiri wote ukayeyuka. Nikajibanza nyuma ya stoo ya mizigo kama mwizi mpaka alipokuja.

Hamkuniambia amekonda vile. Kofia imekuwa kubwa, inamshukia masikioni. Alikaa, akainua uso akaielekeza spika. Mimi nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya benchi lake. Niliona kola ya shati lake imechakaa upande mmoja. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

Ndipo nikaanza kutangaza huko juu. Nimejisikia kila siku tangu Desemba lakini sikuwahi kujisikia mahali pale, mbele yake. Nikavuta pumzi huko juu, na huku chini mdomo wangu ukafunguka. Nilitaka kusema Baba. Sauti ilikataa, Shangazi. Kilichotoka ni kikohozi. Sijui kama ni koo lilikosea au ni mimi niliyelituma. Kisha huko juu nikalitaja jina la kwetu vizuri kabisa, kwa furaha, na Baba akainamisha kichwa, mabega yakatetemeka.

Nikajua amepata alichokitaka. Nikisema neno lolote nitamnyang'anya. Na ningelisema kwa sauti gani? Ile nzuri ilikuwa juu. Treni ilipokuwa inageuka nikapanda. Nilimtazama dirishani, bado amekaa, mkono umeshuka karibu na goti.

Tangu nimerudi naota jambo moja tu. Naota aliyekufa ni mimi, kama alivyoogopa, na binti yake wa kweli ni yule wa kwenye spika, na kila mtu anajua isipokuwa mimi. Nikiamka nasikia anatangaza treni ya kwanza, na sina hoja ya kumpinga. Yeye ana kazi. Yeye hajawahi kumdanganya Baba, mimi nimemdanganya nikiwa nyuma ya shingo yake. Nimeamua. Mwisho wa mwezi nitapeleka karatasi ikiwa na sahihi. Acha Baba abaki na huyo. Usimsomee hii.

Chiriku


Stesheni
14 Mei

Mwanangu Chiriku,

Nimerudi tena kwa mama mkata tiketi. Shangazi yako hajanisomea wala kuniambia lolote, kwa hiyo usimgombeze.

Spika ya hapa iko juu, mbele ya benchi. Kikohozi kilitoka nyuma yangu, kwenye kimo cha mtu aliyesimama. Na ni kikohozi ninachokijua. Tangu mdogo, ukitaka kuniambia kitu ukaogopa, ulikuwa unasimama mlangoni unakohoa, nami nasema ingia. Jumamosi ile sikusema ingia kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilijua upo hai. Hakuna aliyewahi kunipa zawadi kama hiyo. Nikashusha mkono nikautikisa, safari hii upande wako, si upande wa spika. Nikangoja uniwekee mkono begani. Treni ikaingia, watu wakashuka, wakapanda. Nikangoja. Nikasema, anatafuta maneno, mpe nafasi. Treni ikapiga honi. Ikaondoka. Ndipo mama huyu akaja akaniambia, Mzee, yule dada mwenye koti la kijani aliyekuwa nyuma yako amepanda. Nikamwuliza alikuwa na sura gani. Akasema alikuwa analia.

Niliendelea kukaa pale mpaka stesheni ikabaki tupu. Mwanangu amefika mpaka kwenye mgongo wangu, akanikimbia. Nikajiuliza nina nini cha kutisha. Imenichukua siku nyingi kuelewa kwamba si mimi uliyekuwa unanikimbia.

Kazi imekwisha, sivyo? Mtu mwenye kazi ya kutangaza hawezi kuwa kwenye spika na nyuma ya benchi kwa wakati mmoja, hilo hata mimi nisiyeona naliona. Ungeniambia. Unakumbuka walipoleta taa ya kuruhusu treni, wakaniambia nirudishe bendera? Ulikuwa na akili zako tayari. Ile taa iliifanya kazi yangu vizuri kuliko mimi, sibishi, mvua ikinyesha haikuhitaji hata koti. Lakini uliendelea kukaa dirishani, na hata siku moja sikukuona unaipungia mkono taa. Ulikuwa unanisubiri mimi nitokee kule njiani, mikono mitupu, ndipo unapunga.

Siendi tena kumsikiliza yule wa kwenye spika. Nimemwitikia ya kutosha. Anaongea vizuri, lakini hajui kama nimekonda.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitavaa kofia na kukaa benchi lile lile. Njoo kwa treni yoyote. Usinikoholee tena. Niite. Ikitoka ya kukwaruza, iwe ya kukwaruza. Ikitoka ya kunong'ona, masikio ninayo. Niite Baba, nigeuke.

Mzee wa Bendera


Mjini
26 Mei

Kwa Mkuu wa Huduma za Abiria,

Kuhusu: Ruhusa ya kutumia sauti

Narudisha karatasi mliyoniletea. Haina sahihi yangu na haitakuwa nayo. Naomba sauti yangu iondolewe kwenye spika za vituo vyote, mkianza na cha mwisho.

Mlisema abiria watapata shida kuzoea sauti nyingine. Watazoea. Na huyo mtakayemrekodi baada yangu, tafadhali mwambieni ukweli kabla hajapaka rangi ya mdomo.

Naomba jambo hili lifanyike kabla ya Jumamosi. Siku hiyo nasafiri. Kuna mtu nakwenda kumwita, na sauti yangu nitaihitaji.

Aliyekuwa mtangazaji wenu